Kwa nini sanamu za viongozi wetu hazifanani na wenyewe? Wajuzi wa udongo na shaba karibuni

#1 Mzizima Kongwe
Wakuu salaam.

Tangu sanamu ya Mwalimu Nyerere izinduliwe makao makuu ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa, tarehe 18 Februari 2024, ubishi haujaisha. Kuna wanaomwona Mwalimu, kuna wanaoona mzee mwingine kabisa. Na si yeye peke yake. Sanamu ya Mbuya Nehanda, shujaa wa Zimbabwe, ilileta kelele kama hizo, Cristiano Ronaldo naye kule uwanja wa ndege wa Madeira mwaka 2017, na mchezaji wa kikapu Dwyane Wade pale Miami mwaka 2024. Kwa hiyo tusiseme ni tatizo la Afrika, wala la ukosefu wa fedha.

Swali langu ni la kifundi: sura inapotea hatua gani? Kwenye udongo, kwenye kalibu (umbo la kumiminia), wakati wa kusubu (kumimina shaba), au inapotelea machoni mwetu sisi tunaotazama? Naomba majibu ya watu waliowahi kushika udongo. Ile hoja ya "hela zimeliwa" tuiachie nyuzi nyingine.

#2 Bikari
Inapotea kabla udongo haujaguswa. Inapotea kwenye picha.

Ili kuunda kichwa kinachofanana na mtu unahitaji vipimo vya pande zote: urefu kutoka utosini hadi kidevuni (mtu mzima ni kama sm 22 au 23), upana wa mashavu (kama sm 14), umbali kati ya mboni na mboni (wastani mm 63), na zaidi ya yote umbali wa kutoka tundu la sikio hadi ncha ya pua, hadi kidevu, hadi paji la uso. Hivyo vya sikio ndivyo vinavyobeba sura. Mtu akiwa hai unachukua bikari (kifaa cha kupimia chenye miguu miwili), unapima dakika 20, umemaliza. Akiwa amefariki unabaki na picha, na picha za viongozi wetu karibu zote ni za mbele. Za ubavuni, zile za kuonyesha mteremko wa paji na namna kidevu kinavyorudi nyuma, ni za kutafuta kwa tochi.

Mchongaji anaishia kuotea kina cha uso. Ukisimama mbele ya sanamu unasema "ndiye". Ukizunguka hatua tatu kulia, anageuka mtu mwingine. Jaribuni kwa sanamu yoyote mnayoilalamikia, mtaona.

#3 Lenzi
Naunga mkono #2 na naongeza. Hata picha ya mbele inadanganya kutegemea mpiga picha alisimama wapi. Masikio yako nyuma ya ncha ya pua kwa kama sm 12. Kamera ikiwa sm 50 kutoka puani, masikio yako sm 62, hivyo yanatoka madogo kwa karibu asilimia 20 ukilinganisha na pua. Kamera ikiwa mita 3, tofauti hiyo inashuka hadi asilimia 4 hivi. Mchongaji akichanganya picha tano za umbali tofauti bila kujua, anaweka pua ya picha hii kwenye mashavu ya picha ile. Kila kiungo ni sahihi, ila havikutoka kwenye kichwa kimoja.

#4 Fundi Kalibu
Bikari na Lenzi mnamlaumu mchongaji peke yake. Njooni upande wetu wa tanuri muone sura inavyoumia.

Kazi inakwenda hivi. Udongo ukikamilika unapakwa silikoni tabaka tatu au nne, jumla kama sm 1, nyuma yake ganda gumu la jipsam au faibaglasi. Unafungua, unatoa udongo, ndani ya kalibu unapaka nta hadi unene wa mm 4 au 5. Hiyo nta ndiyo itakuwa shaba. Unaweka mirija ya kumiminia na ya kutolea hewa. Kisha ama unachovya kwenye uji wa silika na mchanga tabaka 7 hadi 9, ama unazungushia mchanganyiko wa jipsam sehemu 1 na vumbi la matofali sehemu 2. Unachoma, nta inatoka, unamimina shaba iliyoyeyuka kwa nyuzi kama 1,100 hadi 1,200 za Selsiasi.

Sasa hesabu mahali pa kuharibikiwa. Mrija wa hewa ukikosekana chini ya pua au kwenye ndewe ya sikio, hewa inajifungia na shaba haifiki: ncha ya pua inatoka pungufu. Mstari wa kuunganisha kalibu ukipita katikati ya uso badala ya nyuma ya masikio, unapata ukingo unaokata shavu. Hayo yote yanarekebishwa kwa welding, tupa na msasa, na anayeshika tupa mara nyingi ni fundi ambaye hajawahi kuiona sura ya mhusika. Anasawazisha, na kusawazisha ndiko kunakoua uso. Kile kibonde kidogo pembeni mwa mdomo ambacho mchongaji alikilalia siku mbili kinafutwa kwa dakika mbili za grainda.

Halafu shaba inanywea ikipoa. Ukijumlisha kunywea kwa nta na kwa shaba, asilimia 2 hadi 3. Sanamu ya sm 175 inapoteza sm 4 au 5.

#5 Mwanafunzi Mpya
Samahani wakubwa, mnaposema shaba ni ile ya waya za umeme?

#6 Msomi wa Minara
Hapana. Ya waya ni shaba nyekundu tupu, ambayo wengi huiita kopa. Ya sanamu ni mchanganyiko, bronzi. Ule wa kale ni shaba nyekundu kama 90 na bati 10. Viwanda vingi vya leo vinatumia ya silikoni (hapa ni elementi, si ule mpira wa kalibu): shaba 95, silikoni 4, manganizi 1, kwa sababu inatiririka vizuri na inakubali welding. Upo pia ule wa 85, bati 5, risasi 5, zinki 5. Ile ya manjano ya mabomba na vitasa ina zinki nyingi na haifai sana kwa sanamu ya nje.

Na tuweke kumbukumbu sawa kuhusu Nehanda aliyetajwa #1. Hiyo si kesi ya picha wala tanuri. Picha za sanamu ya kwanza zilisambaa Desemba 2020, watu wakasema ni binti mwenye nyonga, wakati picha inayojulikana ya Nehanda, ya kabla hajanyongwa 1898, inamwonyesha mama mtu mzima aliyekonda. Mchongaji, David Mutasa, akairudia, na iliyosimikwa Harare tarehe 25 Mei 2021 ni ya mama mzee. Iko kwenye makutano ya barabara ya Samora Machel na ya Julius Nyerere, kwa hiyo Mwalimu yupo karibu hata huko.

#7 Bikari
Fundi Kalibu, hapo kwenye kunywea nakupinga. Shaba inanywea pande zote kwa kiwango kimoja. Uso ukipungua asilimia 2 kila upande, uwiano unabaki ule ule. Mtu mfupi kidogo bado ni yeye. Kunywea hakuwezi kuwa sababu ya kutofanana.

#8 Fundi Kalibu
Ingekuwa kweli kama nta ingekuwa na unene mmoja. Nenda kapime. Nta ikimiminwa na kuzungushwa ndani ya kalibu inajikusanya kwenye mashimo: ncha ya pua, kidevu, midomo, masikio. Pale inakuwa mm 8 hata 10 badala ya 5. Penye unene shaba inachelewa kupoa, inavutwa na majirani zake waliokwisha kuganda, na ngozi ya juu inadidimia. Ndiyo maana unakuta kidevu kina kibonde ambacho mhusika hakuwa nacho. Dawa yake ni kupaka nta ya kwanza kwa brashi na kupunguza ndani ya pua na kidevu kwa kijiko cha moto kabla ya kufunga. Ni kazi ya nusu saa, na wengi wanairuka.

#9 Mtaa wa Kimathi
Salamu kutoka Nairobi. Mnaongea yote ya karakana na mmesahau barabara.

Chukua sanamu ya mita 2.2 juu ya kitako cha mita 3. Katikati ya uso iko kama mita 5 kutoka chini. Macho ya mpita njia yako mita 1.6. Akisimama umbali wa mita 5 anatazama juu kwa pembe ya nyuzi 34. Kwa pembe hiyo kidevu kinaonekana kutoka chini, matundu ya pua yanatangulia, ncha ya pua inapanda kuelekea machoni, na paji la uso linakaribia kuisha. Nani hapa ameshawahi kumtazama Tom Mboya au Dedan Kimathi wa Mau Mau kutoka chini ya kidevu? Tunawajua kwa picha za usawa wa macho.

Mchongaji anayejua kazi analipa deni hilo mapema: uso unainamishwa nyuzi 5 hadi 10, paji linaongezwa urefu, kichwa chenyewe kinakuzwa kidogo kuliko mwili. Ukiikuta karakanani inaonekana kama ina kichwa kikubwa, na hapo ndipo wakaguzi wanapoanza kusema punguza. Akipunguza, imekwisha. Njia ya kujua ukweli ni kupandisha udongo kwenye jukwaa la urefu kamili, au kushusha macho ya mtazamaji: chimba shimo, au lala chini sakafuni.

Kwangu mimi sanamu ya Kimathi ya Kevin Oduor, iliyozinduliwa 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe, inasimama vizuri kwa sababu haitegemei pua na macho. Nywele za msokoto, bunduki mkono wa kulia, kisu mkono wa kushoto: unamtambua ukiwa bado upande wa pili wa barabara. Picha yake inayojulikana zaidi ni ile amelazwa na pingu baada ya kukamatwa Oktoba 1956. Kuunda mtu aliyesimama imara kutokana na picha ya aliyelazwa si mchezo. Ngozi ya uso ikilala inashuka kuelekea masikioni, akisimama inarudi mbele.

#10 Mzizima Kongwe
Asante sana mkuu. Hiyo ya kichwa kukuzwa ndiyo sababu ya David wa Michelangelo kuwa na kichwa na mikono mikubwa?

#11 Msomi wa Minara
Hilo husemwa sana, lakini wanaohusika na historia ya sanaa hawajakubaliana. Ni kweli ilikusudiwa iwekwe juu kwenye kanisa kuu la Florence, na ni kweli mwaka 1504 ikaishia kusimama chini, uwanjani. Wengine wanasema kichwa na mkono vilikuzwa kwa ajili ya urefu, wengine wanasema vilikuzwa kwa maana, kwamba akili na mkono ndivyo vilivyomshinda Goliati. Kuitaja kama ushahidi wa pembe peke yake ni kuirahisisha.

Mfano mzuri wa pembe tunao nyumbani. Nendeni Mkunazini, Unguja, kwenye kanisa la Kianglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Ukumbusho wa Clara Sörnäs wa 1998 uko ndani ya shimo: watu watano wa zege, minyororo ya kweli shingoni. Mtazamaji anawaangalia kutoka juu, kama mnunuzi alivyowaangalia. Hapo pembe imefanywa kuwa ndiyo maana yenyewe ya kazi.

#12 Saa Sita Kamili
Pembe ya mtazamaji ni nusu tu. Nusu nyingine ni pembe ya jua.

Dar es Salaam jua la saa sita mchana linakuwa utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, na hata Juni, linapokuwa chini kuliko miezi yote, bado linapanda karibu nyuzi 60. London mwezi Desemba halifiki nyuzi 17. Sasa karakana nyingi, za Ulaya na hata za kwetu zilizojengwa kwa mfano wa kule, zina dirisha la ubavuni. Mchongaji anaunda uso unaopigwa na mwanga wa pembeni, anaona kila kitu. Ukiupeleka uso huo kipilefti cha Dodoma saa saba mchana, nyusi zinatupa kivuli kinachomeza macho yote, pua inatupa kivuli kinachofunika mdomo wa juu, masharubu hayaonekani. Kinachobaki ni paji, mfupa wa pua na mashavu yanayong'aa. Na kama rangi ya shaba ni nyeusi ti, umebakiwa na doa lenye nukta tatu za mwanga.

Tiba ni mbili. Moja, unda chini ya taa iliyoning'inizwa juu ya kichwa, angalau siku za mwisho. Mbili, usikubali rangi nyeusi. Rangi ya shaba inawekwa kwa kemikali juu ya chuma kilichopashwa moto: potasiamu salfaidi inaleta kahawia hadi nyeusi, feriki naitreti inaleta kahawia nyekundu hadi dhahabu iliyofifia. Simamia kahawia ya kati, halafu pitisha brashi ya nyuzi laini kwenye sehemu za juu ili mabonde yabaki meusi na miinuko iwe myepesi. Kisha nta, na nta hiyo irudiwe kila mwaka, maana hewa ya chumvi ya pwani inakula rangi haraka.

#13 Saruji Mbichi
Wakuu, sanamu nyingi za halmashauri zetu si shaba. Ni saruji. Tuongelee zilizopo.

Kiunzi cha nondo za mm 10 na 12, wavu wa kuku tabaka mbili, saruji 1 kwa mchanga 2 au 3, maji kidogo kadiri unavyoweza kufinyanga (uzito wa maji kama asilimia 40 ya uzito wa saruji), magunia mabichi siku 7 au zaidi. Mchanga wa baharini usiusogelee. Chumvi inafika kwenye nondo, kutu inavimba, na baada ya miaka michache mkono unapasuka kwa urefu kama muwa.

Sura inapoteaje? Kwanza, saruji unaiongeza, huipunguzi kirahisi. Kila ukikosea unaongeza, na ikishaganda ni kuchonga kwa patasi, kazi ambayo wengi wanaikwepa. Ndiyo maana pua na midomo ya sanamu za saruji huwa minene. Pili, na hili silioni likitajwa: rangi. Kila sherehe ya taifa ikikaribia inapakwa rangi ya mafuta upya bila kukwangua ya zamani. Tabaka moja halifiki hata mm 0.1. Mara kumi ni karibu milimita nzima, na rangi haikai sawasawa, inajikusanya kwenye mikunjo: kope, pembe za mdomo, mstari wa masikio. Mstari wa kope wenye kina cha mm 2 umeisha. Kuna sanamu zilizofanana siku ya uzinduzi, zikafukiwa kidogo kidogo kwa brashi. Kabla hujamlaumu mchongaji, chukua kisu ukahesabu matabaka.

#14 Mtaa wa Kimathi
Saruji Mbichi, umenifungua macho. Huku kaunti nyingi wamehamia faibaglasi. Unaielezaje?

#15 Saruji Mbichi
Nyepesi, rahisi, na ikifanywa vizuri inashika sura kuliko saruji kwa sababu inatoka kwenye kalibu ya udongo. Mati ya nyuzi ya gramu 450 kwa mita ya mraba, tabaka tatu, inakupa kama mm 3. Tatizo ni joto letu. Hadina (dawa ya kugandisha rezini) inayowekwa asilimia 2 kwenye nchi ya baridi, hapa kwa nyuzi 33 iteremshe hadi 1, la sivyo rezini inachemka, inanywea vibaya na uso unajipinda. Na usifungue kalibu siku hiyo hiyo. Ukiifungua ikiwa bado ina joto, shavu moja linaingia ndani. Kichwa kinachoonekana kama kimepata kiharusi mara nyingi ni kosa la kufungua mapema.

#16 Tezo
Nimewasoma wote kwa heshima. Ila nauliza: nani alisema sanamu lazima ifanane?

Huko Kampala kuna mnara wa Uhuru wa Gregory Maloba, Mkenya aliyefundisha Makerere, wa mwaka 1962. Mama anamwinua mtoto. Si sura ya mtu yeyote, na hakuna Mganda anayelalamika kwamba haifanani. Kwenye mpingo, mitindo miwili iliyoipa Makonde jina duniani ni ujamaa, ule mnara wa watu waliobebana, na shetani unaohusishwa na Samaki Likankoa. Hakuna hata mmoja unaotafuta sura ya fulani. Mchongaji anafuata gogo. Mpingo una moyo mweusi na ganda jeupe, una nyufa na mashimo ndani. Unaanza na tezo, ukikuta ufa unaugeuza kuwa nafasi kati ya mikono miwili. Ukimlazimisha fundi wa namna hiyo atoe nakala ya picha ya pasipoti, umemnyang'anya nguvu yake.

Tumerithi mnara wa mtu mmoja juu ya jiwe kutoka kwa Wajerumani na Waingereza, na tatizo la kufanana tumerithi humo humo.

#17 Wa Tabaka
Tezo amesema kweli tupu. Huku Kisii mawe ya eneo la Tabaka yametoa kazi iliyofika hadi makao makuu ya UNESCO Paris, ndege wa Elkana Ong'esa. Hafanani na mtu yeyote, na anajulikana kuliko masanamu mengi ya mawaziri.

#18 Msomi wa Minara
Nusu nakubali, nusu nakataa. Tezo, umesahau mapiko! Barakoa za kofia za Wamakonde zimechongwa kwenye mti mwepesi, zikachorwa chale, zikabandikwa nywele za kweli za binadamu, na nyingi zinaonyesha watu wanaotambulika: mzee fulani, askari, mzungu wa utawala. Mchezaji akiingia uwanjani watu wanacheka kwa sababu wamemjua anayeigwa. Huo ni ufundi wa kufananisha, na haukuletwa na meli. Nenda na Ife, Nigeria: vichwa vya shaba vya kabla ya Mreno kufika, vyenye sura za watu hasa. Kusema kufananisha ni urithi wa kikoloni ni kuwapunguzia mababu.

Hilo la mnara juu ya jiwe umelenga. Mahali ilipo sanamu ya Askari, Dar, palikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, ya mwaka 1909. Waingereza walipoingia 1916 wakaiondoa, baadaye ikapelekwa Hamburg, na wanafunzi wakaiangusha 1968. Askari akawekwa 1927.

#19 Tezo
Mapiko nimekubali, umenishika. Lakini lipiko linatambulika likiwa linacheza, na linaishi usiku mmoja. Mwendo ndio unaomaliza kufanana. Sanamu ya kipilefti haichezi.

#20 Mzizima Kongwe
Hapo kwenye Askari. Kuna mtu amewahi kulalamika kwamba hafanani? Mimi sijamsikia. Ameinama, bayoneti inaelekea bandarini, soli za viatu, mikunjo ya kaptula, kila kitu kiko mahali pake.

#21 Msomi wa Minara
Kwa sababu hana jina. James Alexander Stevenson aliziunda za Dar, Nairobi na Mombasa, zote mwishoni mwa miaka ya 1920, na hakuna hata moja yenye mtu wa kulinganishwa naye. Ya Nairobi ina askari, Mwarabu na mpagazi, na inasimama kwa mwili: namna mpagazi anavyobeba uzito, goti linavyokaa. Kwa ninavyoona mimi, mwili ndio unaofanana kabla ya uso. Ukimtambua mtu wako kwa mbali sokoni unamtambua kwa mabega na mwendo, uso hujauona bado. Wachongaji wetu wanatumia wiki sita kwenye uso na siku nne kwenye mabega. Kisha mwili unakuwa wa mtu yeyote mwenye suti.

#22 Bikari
Hilo la mabega ni zito, nalichukua. Lakini bado kuna jambo moja la usoni halijaguswa: rangi ya nywele na meno.

Shaba ina rangi moja. Mzee mwenye mvi, kwenye picha mvi ni nusu ya utambulisho wake. Ukimsubu, mvi zinakuwa kahawia sawa na ngozi, na mzee anapungua miaka ishirini. Masharubu meusi membamba ya Mwalimu, yale kila mtu anayajua kwenye noti ya shilingi elfu moja, kwenye shaba si meusi tena, yanabaki kuwa mnundu mdogo chini ya pua. Ili yasomeke lazima yachanwe mistari yenye kina cha mm 2 au 3, yashike kivuli. Ukiyaacha laini, kwa mita kumi hayapo, na Mwalimu bila masharubu si Mwalimu.

Meno ndiyo balaa kubwa. Kicheko kwenye picha kinapendeza kwa sababu meno ni meupe. Kwenye shaba meno yana rangi ya midomo, na mdomo unasomeka kama umekunjwa kwa maumivu. Rudini mtazame ile ya kwanza ya Ronaldo, shida yake kubwa ni kicheko. Mhusika akijulikana kwa kucheka, fumba mdomo, weka cheko machoni: inua kope ya chini, jaza shavu juu kidogo.

#23 Mtaa wa Kimathi
Na ndiyo maana sanamu ya Kenyatta pale KICC, jumba la mikutano la Nairobi, haina ubishi? Kazi ya James Butler, 1973, amekaa kitini, mdomo umefumba, ndevu zimechanwa mistari mirefu.

#24 Bikari
Sababu mojawapo. Na mhusika alikuwa bado hai. Na ni mkubwa kupita kiasi cha mtu, hivyo mistari ya ndevu ina nafasi ya kushika kivuli.

#25 Fundi Kalibu
Na ukubwa huo una bei, mjue. Mtu wa kawaida aliyevaa, kwa unene wa mm 5, anakula kilo 120 hadi 200 za shaba. Ukizidisha urefu mara mbili, eneo la ngozi linazidi mara nne, kwa hiyo na shaba mara nne, na bado unahitaji kiunzi cha chuma cha pua ndani. Halmashauri inaomba "kubwa" bila kujua hesabu hii, fedha zinaisha, unene unashushwa hadi mm 3, sahani zinajikunja kwenye welding.

Kukuza nako kuna mtego. Mfano mdogo wa sm 40 una kichwa cha sm 5 na nusu. Ukikuzwa mara sita, kosa la mm 1 kwenye pua linakuwa mm 6. Uso usikuzwe kutoka kwenye mfano mdogo. Unda kichwa peke yake kwa ukubwa wa mtu halisi, kikuze hicho, kisha kiunge na mwili kwenye ukosi. Ukosi wa Kaunda suti unaficha welding vizuri mno.

#26 Pembeni Kidogo
Mbona hamtaji kwamba nchi nyingi zilikuwa zinaagiza Korea Kaskazini? Sura zote zinakuwa za ndugu.

#27 Msomi wa Minara
Hiyo ni Mansudae, karakana ya serikali ya Korea Kaskazini. Mnara wa Dakar wa 2010, Uwanja wa Mashujaa wa Windhoek wa 2002, Dikgosi watatu wa Gaborone wa 2005. Tangu azimio 2321 la Baraza la Usalama la Novemba 2016 kununua sanamu kutoka huko ni marufuku. Na uwe mwangalifu na "sura za ndugu". Wana mtindo wa karakana: macho yale yale, taya zile zile. Mtindo wa karakana upo Ulaya pia, ila tumeuzoea tukauona ndio ukweli.

#28 Saa Sita Kamili
Wachongaji tuache kidogo, tuongee na wanaoagiza. Ukaguzi ufanyike udongo ukiwa bado udongo, ukiwa juu ya kitako cha urefu kamili, chini ya taa ya juu, mbele ya watu wawili watatu waliomfahamu mhusika akiwa hai, na kila mmoja atazame peke yake. Kamati ya watu kumi na tano ikitazama pamoja, huyu anataka awe kijana, yule anataka awe mkali, mwingine tumbo lipungue. Mchongaji anawatii wote na anabaki na mtu ambaye hakuzaliwa.

#29 Lenzi
Na tukubali nasi tuna kosa. Picha ya ukutani maofisini ni moja tu, imesafishwa makunyanzi, na tumeitazama miaka hamsini. Aliyekaa na Mwalimu mezani na aliyemjua kwa noti hawawezi kudai sanamu ile ile.

#30 Bikari
Hapo ndipo mimi nabaki na picha zangu za ubavuni, wewe na picha yako ya ukutani. Hatujamaliza.

#31 Mwanafunzi Mpya
Nashukuru sana wakubwa, nimeandika kila kitu. Swali la mwisho: Saa Sita alisema kivuli kinameza macho. Mboni inachongwaje ili ionekane mchana?

#32 Fundi Kalibu
Kwa kichwa cha mara mbili ya mtu: duara la mboni (sehemu yote ya jicho yenye rangi) mm 24, kwa sababu la kweli ni kama mm 12. Lichimbe kina cha mm 8 hadi 10. Kwenye ukingo wa juu, upande wa kuelekea jua la asubuhi, acha kiulimi kidogo cha upana wa mm 4 au 5 kisichochimbwa, kije mbele hadi usawa wa uso wa jicho. Shimo linakuwa jeusi, kiulimi kinashika mwanga, jicho linaishi. Kope ya juu isogeze mbele kidogo kuliko unavyodhani, ya chini irudishe nyuma.

Usilichimbe kwenye udongo. Silikoni ikiingia kwenye shimo lenye kiulimi inachanika wakati wa kutoa, na nta ya pili haitatoka sawa. Lichimbe kwenye nta, kwa kijembe cha moto, na alichimbe mchongaji mwenyewe kabla nta haijawekewa mirija. Uji wa silika wa kwanza upakwe kwa brashi ndogo ndani ya shimo. Ukichovya tu, povu la hewa linabaki humo na unapata kipele cha shaba katikati ya mboni.

Na sakafu ya shimo iteremke kuja nje. Ikiwa bapa au imeinamia ndani, maji ya mvua yanatuama, na baada ya masika mawili kuna mstari wa kijani kutoka kila jicho hadi kidevuni.

#33 Mwanafunzi Mpya
Kumbe ile michirizi ya kijani inatoka hapo.

#34 Saruji Mbichi
Mingine inatoka hapo. Mingine ni maji yanayoteremka kutoka kwenye nywele. Toboa tundu la mm 6 chini ya kila mkunjo wa nguo unaoshika maji, utapunguza nusu.